Ziwa, lami ya Kasulu na wiki ya mbalamwezi: maswali yenu kuhusu triathloni ndefu

Tangu nigusie triathloni hapa, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo bila saa kusimamishwa, maswali hayajakatika. Leo najibu ya wale wanaotaka kupanga msimu mzima.

Shikamoo kocha. Ni mwalimu wa sekondari, Ujiji, miaka 34. Kilomita 10 nakimbia bila shida, baiskeli naendesha, kuogelea nilijifunza ziwani utotoni. Nataka kumaliza umbali kamili. Nianzie wapi kupanga?

Marahaba, Mwalimu. Anzia mwisho. Chukua kalenda ya ukutani, zungushia siku ya mashindano, kisha hesabu wiki ukirudi nyuma.

Umbali kamili ni kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180 na mbio 42.2, na kwa kawaida mshiriki hupewa saa 17. Kwa upande wetu wa Afrika, mashindano ya umbali huo yamekuwa yakifanyika Gqeberha, Afrika Kusini, mwezi Machi au Aprili. Ukitoa wiki 30 unaangukia Agosti au Septemba. Na Agosti ndiyo mwezi wa Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, ambako tangu 2022 kuna mashindano ya nusu ya umbali huo: 1.9, 90 na 21.1. Ningekuwa wewe ningeanza na Rubavu, nipumzike wiki mbili, ndipo wiki ya kwanza ianze. Ukishafika huko utajua tumbo lako linapokea nini baada ya saa nne za jasho, jambo ambalo hakuna kocha awezaye kukuambia.

Wiki 12 za mwanzo ni za msingi, saa 7 hadi 9 kwa wiki, kwa mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Wengi huona aibu kwenda taratibu hivyo, wakakimbia kila siku kama wanafukuzwa, na kufikia Novemba goti limeshaanza kuuma. Zinafuata wiki 15 za ujenzi, saa 10 hadi 13, ukiongeza safari ndefu ya baiskeli na mara moja kwa wiki kushuka kwenye baiskeli na kukimbia hapo hapo dakika 20 au 30, miguu ingali mizito. Wiki tatu za mwisho unapunguza. Kila wiki ya nne katika msimu wote kata theluthi ya saa zako, hata kama unajisikia simba. Mwili hujengeka wakati umepumzika. Na nusu ya saa zote ipe baiskeli, kwa sababu ndiyo itakayokula karibu nusu ya siku yenyewe.

Likizo ya Desemba ni bahati yako: wiki mbili nzito zaidi ziweke hapo.

Ila kabla hujaandika zoezi hata moja, andika kwanza yasiyosogezwa: mitihani, ibada, harusi, zamu ya kulea. Kalenda yangu ya msimu wa kwanza bado ninayo. Jumamosi moja ya Novemba imeandikwa kwa kalamu nyekundu "baiskeli 140", na chini yake mke wangu ameandika kwa penseli "arobaini ya babu, Kasulu". Nilitoka saa 11 alfajiri nikaendesha hadi Kasulu, kanzu yangu ikatangulia na basi, nikaoga kisimani kwa shemeji, na jioni nikarudi na wenzangu kwa gari. Kilomita zilipungua, msimu haukuharibika, na nyumbani hakuna aliyenuna.

Kocha, mimi ni muuguzi, naishi jirani na mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Ufukweni naogelea vizuri, lakini kwenda mbali naogopa. Boti ni nyingi, na watu wanasema kuna kichocho. Nifanyeje?

Dada yangu, hofu yako ina akili. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi pale penye kina kirefu zaidi, na hatua chache kutoka kwenye mawe tayari huoni chini. Usiogelee peke yako. Hata mara moja.

Ninachofanya mimi ni kufuata mwezi. Wavuvi wa dagaa huvutia samaki kwa taa, kwa hiyo wiki za giza wanakesha kazini na alfajiri boti zinarudi Kibirizi kwa kasi, na aliye kwenye usukani hajalala. Huo si wakati wa kichwa kidogo kuelea katikati ya njia yao. Wakati wa mbalamwezi taa hazivuti samaki, wavuvi wengi wanapumzika, na utampata kijana wa kukusindikiza kwa mtumbwi kwa malipo mnayokubaliana. Mbalamwezi hurudi kila baada ya siku 29 au 30, karibu sawa na mzunguko wako wa mazoezi wa wiki nne. Kuogelea kwako kurefu kwa mwezi kuweke hapo: kilomita moja na nusu, halafu mbili, halafu tatu. Wiki nyingine baki sambamba na ufukwe, mahali ambapo ukisimama unagusa. Na mwaka ambao uvuvi unasitishwa, kama ilivyokuwa 2024 kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, pilikapilika hupungua zaidi, ingawa boti za abiria zinaendelea.

Vaa kofia ya rangi kali. Boya la kuvuta likikosekana, funga dumu tupu la njano la lita tano kiunoni kwa kamba ya mita moja na nusu, uonekane. Ingia mapema, kabla kusi halijaamka. Kila mipigo minane inua macho utazame alama moja ya nchi kavu, mwembe au bati la nyumba.

Kichocho kipo. Vimelea hutoka kwa konokono wa majini, hasa jua likiwa kali, na konokono hao hupenda maji ya kina kifupi yenye majani. Kwa hiyo alfajiri, kwenye mawe au ukishukia kutoka mtumbwini, hatari ni ndogo zaidi, lakini haiishi. Kapime kila msimu, dawa ipo. Midomo ya mito iepuke kabisa kwa sababu ya mamba, na popote ugenini waulize wenyeji kwanza.

Jambo la mwisho: bahari ya Gqeberha ni baridi kuliko ziwa letu. Huko utahitaji vazi la mpira la kuogelea, na ulijaribu kabla ya siku hiyo, kwa sababu hubana kifua.

Niko Tabora. Barabara tambarare tunazo, ziwa hatuna. Nikate tamaa?

Usikate. Fanya baiskeli na mbio huko, vuta kamba za mpira mara tatu kwa wiki kuimarisha mabega, na mara moja kwa mwezi panda treni uje Kigoma. Njoo wiki ya mbalamwezi.

Baiskeli yangu haina gia. Itafaa?

Kwa miezi mitatu ya msingi, ndiyo. Baadaye hapana: kutoka ziwani kwenda Kasulu ni kupanda, na kwenda na kurudi kunakaribia kilomita 180, ndiyo safari yako kuu ya msimu. Tafuta ya gia iliyotumika, yenye kimo chako. Fedha ikibaki, itumie kwa fundi akuwekee siti kwa urefu sahihi, maana siti ya chini huua magoti. Halafu jifunze kubadilisha tyubu mwenyewe, gizani, ukiwa umechoka.

Zile jeli za pakiti huku hazipatikani. Nile nini njiani?

Lenga gramu 60 za wanga kwa saa. Lita moja ya maji, vijiko 12 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, ndimu moja: hapo una gramu 50 hivi. Ndizi mbivu moja huongeza kama 25. Muhogo wa kuchemsha uliopakwa chumvi unakaa vizuri mfukoni. Migebuka kwa mawese ingoje jioni. Wala usinywe maji matupu kwa wingi saa nzima nzima. Chumvi ya damu ikishuka mno mtu huanguka, na wapo waliokufa hivyo.

Malaria imenilaza siku sita katika wiki ya tisa. Nizifidieje?

Pole sana, mdogo wangu. Usizifidie. Maliza dozi yote, kisha subiri mpaka unapanda ngazi bila moyo kwenda mbio. Wiki ya kwanza fanya nusu, tena taratibu. Wiki uliyokosa ifute kwenye kalenda, uendelee na ile inayofuata.