Kubadilisha usukani wa pikipiki bila fundi

Ndugu uliyeuliza kutoka Lindi mjini kama unaweza kufunga usukani mpya wa pikipiki mwenyewe baada ya ule wa zamani kupinda: inawezekana, mradi unene wake ulingane na wa zamani, ambao kwa bodaboda nyingi ni milimita 22, na usiwe mrefu au wa juu kupita kiasi, kwa sababu waya za klachi na eksileta zitavutika kila unapokata kona. Piga picha ya mapito ya waya kabla ya kufungua chochote. Kama breki ya mbele ni ya mafuta, usiuguse mpira wake wa kupitisha mafuta; fungua pampu nzima iliyo kwenye usukani na uitundike ikiwa wima, ili hewa isiingie.

Ninalolisisitiza zaidi ni swichi iliyofungwa kwenye usukani. Mara nyingi ndani yake kuna kichomozo kidogo kinachoingia kwenye tundu la usukani, na wengi hukikata wanapokuta usukani mpya hauna tundu, jambo ambalo huifanya swichi izunguke mkononi. Ni heri utoboe tundu mahali pake sahihi. Huku kwetu pwani, hadi Mikindani, bolti za vibanio vinavyoshika usukani hushikwa na kutu kwa ajili ya chumvi, kwa hiyo zipake mafuta usiku uliotangulia na usilazimishe spana.

Ukimaliza, washa injini gia ikiwa huru, kisha zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili: mlio ukipanda, waya wa eksileta unavutwa, nawe usiingie barabarani kabla ya kuupitisha upya.