Nyumbu wanafuata mvua, sio mto
Je, nyumbu wa Serengeti wanavuka mto Mara kutafuta maji tu? Hapana, wanafuata majani na majani yanafuata mvua. Nyanda za kusini mashariki mwa Serengeti zimekingwa na milima ya Ngorongoro inayozuia mvua, zinapata kama milimita 500 za mvua kwa mwaka, nyasi zake fupi ila zina madini kibao ndo maana wanazalia huko kuanzia mwezi wa 2, sasa mvua ikikata panakauka fasta wanaanza kupandisha kaskazini ambako mvua inapita milimita 1000 na miti ipo ya kutosha. Ila huko kusini kukosa miti sio mvua peke yake, chini kuna tabaka gumu la majivu ya volkano, mizizi haipenyi.