Je, Sayansi ya Kompyuta Bado Ina Ajira?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimemaliza masomo ya sekondari na nimefaulu vizuri hisabati na fizikia. Nilikusudia kusomea sayansi ya kompyuta, lakini kaka yangu, ambaye ni fundi umeme kiwandani, ananionya kwamba akili mnemba itazimaliza kazi za kuandika programu kabla sijahitimu. Nifanyeje?

JIBU: Hofu ya kaka yako ina msingi, ila inatazama upande mmoja tu. Mwaka 1976 mchumi Richard Freeman wa Marekani alieleza mzunguko katika soko la wahandisi: mishahara ikipanda, vijana hufurika katika fani hiyo na kuhitimu kwa pamoja miaka kadhaa baadaye, wingi wao huishusha mishahara, wanaofuata huikimbia fani, na punde waajiri huanza tena kulalamika kuwa hawapati watu. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa kompyuta, kwani kampuni za intaneti zilipoporomoka kuanzia mwaka 2000, wanafunzi wengi nchini Marekani waliikwepa fani hiyo, ambayo miaka michache baadaye ilikuwa ikitafutiwa wataalamu kwa udi na uvumba. Nafasi zinazotangazwa leo, basi, si kipimo kizuri cha soko utakalolikuta.

Akili mnemba imegusa zaidi kazi ndogondogo za programu ambazo mwajiriwa mpya alipewa ili ajifunzie, na hilo kwa kweli linawabana wanaoanza. Hata hivyo, kulielewa tatizo la mteja, kusanifu mfumo, kulinda data na kuwajibika mfumo unapokwama bado kunahitaji mtu. Kwa hiyo usisomee lugha moja ya programu ukadhani umemaliza. Jikite katika takwimu, algorithimu (yaani hatua zilizopangwa za kutatua tatizo), mitandao na hifadhidata, kisha uambatanishe na fani nyingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria upungufu wa wafanyakazi wa afya milioni 11 ifikapo mwaka 2030, na maabara za leo haziendeshwi bila kompyuta. Hata mitambo ya viwandani huongozwa na vidhibiti vinavyoandikiwa programu, na anayeelewa umeme na programu kwa pamoja (ufundi ambao wazazi wengi huudharau bila sababu) hana washindani wengi.

Kabla ya kujisajili, kiulize chuo wahitimu wake wa miaka miwili iliyopita wameajiriwa wapi, na kama mafunzo kwa vitendo ni ya lazima. Chuo kikishindwa kujibu, tafuta kingine.