Gunia la Msaada Hupita Mikononi mwa Nani?

SWALI: Mhariri, assalamu alaykum. Mwaka 1991 nyumba yetu hapa Langoni, Lamu, iliwapokea jamaa zetu Wabajuni waliokimbia vita Kismayu, Somalia, kwa mashua. Mjomba wangu, aliyekuwa miongoni mwao, alishikilia mpaka anafariki kwamba chakula cha wafadhili ndicho kilichowanenepesha wenye bunduki. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, msaada usitishwe?
Mwalimu, Lamu

JIBU: Wa alaykum salaam, Mwalimu. Marehemu mjomba wako, Mungu amrehemu, alisema kweli, ingawa sikubali kwamba dawa yake ni kusitisha msaada.

Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Januari 1991, gunia lililoshushwa bandarini Mogadishu lilihitaji lori la kukodi, lori likahitaji walinzi wenye silaha, na kila kizuizi cha njiani kikadai fungu lake. Hivyo kabla mwenye njaa hajapimiwa hata kibaba kimoja, mbabe wa vita alikuwa amekwisha kupata posho ya vijana wake. Wachumi Nathan Nunn na Nancy Qian, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2014 kuhusu nchi 125 kati ya 1971 na 2006, walieleza kwamba chakula cha msaada kutoka Marekani kiliongeza vita vya wenyewe kwa wenyewe na kuvirefusha, hasa pale palipowahi kupiganwa. Wenzao wameipinga mbinu yao ya hesabu, kwa hiyo mimi siutegemei utafiti huo peke yake.

Kukata msaada ghafla nako kuna hatari, kwa sababu serikali iliyozoea fedha za nje ikizikosa hushindwa kutimiza iliyowaahidi wapinzani wake, nao huona heri kuingia msituni.

Kwangu mimi, uzito uko katika sura ya msaada wenyewe. Mwaka 1992 Msalaba Mwekundu ulifungua mamia ya majiko ya umma nchini Somalia, ukawapakulia watu chakula kilichokwisha kuiva. Wewe wa Lamu unajua wali uliolala unavyochacha kwa joto letu: gunia la mchele mbichi huwekwa ghalani miezi na kuuzwa siku bei ikipanda, lakini sufuria ya wali hailimbikiziki wala hainunui risasi, na anayeitaka hana budi kuja na sahani yake, akae, ale.