"Right" si kulia peke yake: kwa vijana mnaoanza kutembeza wageni Lamu

Wadogo zangu, nimekaa gatini nikawasikiliza mnavyopokea wageni wanaovuka kutoka kisiwa cha Manda, kwenye uwanja wa ndege, na roho imeniuma. Kiingereza mnacho, tena kizuri kuliko tulichoanza nacho sisi. Lakini hili neno "right" mnalitupa ovyo, makosa yale yale ya kila msimu.

1. Mgeni akiuliza njia, usimjibu "right" ukimaanisha ndiyo. Kijana mmoja tuliyekuwa naye kazini alipeleka familia Takwa, kwenye yale magofu ya Manda. Kile kijito cha mikoko mnakijua, maji yakianza kupwa hakina huruma. Baba wa familia aliomba kushika usukani, akapewa, nahodha yuko omo, mbele ya chombo, anahangaika na tanga. Walipofika penye panda mgeni akauliza, "Left?" Kijana, kwa furaha ya kuona mgeni kapatia, akaitika, "Right, right!" Mgeni akakata kulia, kwenye fungu. Mashua ikapanda matope, na kabla hawajamaliza kubishana nani kasema nini, mkuku, ule uti wa chini wa mashua, ulishakaa chini. Wakapwelewa. Toka maji kujaa hadi kupwa ni muda wa saa 6 hivi, na kurudi ni vivyo hivyo, kwa hiyo hesabuni wenyewe. Watoto walilia kiu, mama akachomwa na jua, na ndege yao ya jioni ikaruka huko huko Manda wao wakiisikia. Kijana yule bidii yake naijua, na siku ile alilia mbele yetu. Sitaki kumwona mwingine hivyo. Semeni "yes", basi.

2. Kulia kwa nani? Mgeni aliyekaa akikutazama, kulia kwake ni kushoto kwako. Ndiyo maana mabaharia wa Kiingereza wana "starboard": ni upande wa kulia wa chombo ukielekea omo, na haubadiliki hata ukigeuka wewe. Kwa wageni, tajeni kitu kinachoonekana. Ukisimama gatini uso baharini, Shela, kijiji cha jirani, iko kulia. Ukiipa bahari mgongo, imehamia kushoto.

3. "The right door" si mlango wa kulia, ni mlango wenyewe unaotafutwa. Mgeni aliyepotea vichochoroni mtaa wa Mkomani akikuuliza "Is this the right door?", anataka kujua kama ndio huo. Juzi mmoja wenu alimvuta mama wa watu hadi mlango wa pili, upande wa kulia, akapiga hodi. Wenyewe walikuwa wanakula. Wakamkaribisha, maana Lamu ni Lamu, na yule mama akaketi akala, mizigo yake ikimngoja nyumba ya jirani.

4. "Right now" ni sasa hivi, "right here" ni hapa hapa. Neno linakaza tu, halielekezi popote. Basi "right behind the fort" ni nyuma ya Ngome pale pale.

5. "Rights" ni haki. Mgeni akianza kuzitaja kwenye suala la pesa, mwite mkubwa wako mapema.

6. "All right" ya Mwingereza isikilizeni sauti. Ukimuuliza samaki wa kupaka alikuwaje, akajibu polepole "It was all right", hakufurahi. Usishukuru ukaenda zako. Kaa naye, muulize tena kwa upole kama ni pilipili, ni miiba, au chakula kilichelewa. Akiulizwa mara ya pili, mara nyingi husema.