Kupunguza asidi ya hidrokloriki hadi 2 M

Ndugu uliyeuliza jinsi ya kutengeneza nusu lita ya asidi ya 2 M (yaani moli 2 kwa kila lita), chukua karibu 83 ml za ile asidi kali, siyo 250 kama alivyosema jamaa mwingine aliyekujibu. Asidi ya chupani ikiwa ni 37% na densiti 1.18 ni kama 12 M, so unafanya 2 mara 500 gawanya kwa 12, basi, kwa sababu kiasi cha asidi chenyewe hakibadiliki ni maji tu yanaongezeka. Halafu watu wengi wanakosea hapa, hauongezi maji 500, unaongeza mpaka jumla ifike 500, yaani weka kwanza maji kama 300 kwa bika (gilasi ya maabara), mimina asidi ndani polepole huku unakoroga, ngoja ipoe, ndio uhamishe kwa flaski yenye alama ya 500 ml ujazie maji mpaka kwa alama. Asidi inaingia kwa maji, usigeuze kabisa, inachemka na kukurukia usoni, na hiyo chupa ifungulie karibu na dirisha ukiwa na miwani na glavu maana ule moshi unaumiza kifua.

Mimi ni fundi wa maabara ya shule huku Mbale, Uganda, kila msimu wa praktiko za S.6 (kidato cha sita) ndio kazi yangu. Lakini soma lebo kwanza, zingine ni 32% ambayo ni karibu 10 M, hapo itakuwa 100 ml, na chupa iliyokaa wazi gesi inatoka inapungua nguvu, so kabla ya kuwapa wanafunzi pima nguvu yake kwa taitresheni, yaani kuona ni asidi kiasi gani inamaliza kiasi unachokijua cha sodiamu kaboneti.