Dozi ambayo haikuandikwa kwenye cheti

"Ufanye mazoezi, upunguze uzito, turudie vipimo baada ya miezi mitatu." Basi. Hayo ndiyo niliyoambiwa siku nilipogundulika na kisukari aina ya pili. Vidonge viliandikiwa kila kitu: kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula. Mazoezi hayakuandikiwa chochote. Yapi? Kiasi gani? Saa ngapi?

Nikajipangia mwenyewe, tena vibaya. Nilikuwa sijakimbia miaka mingi, na alfajiri moja nikatimua mbio kama mwizi aliyeonwa. Siku ya nne goti likavimba. Wiki tatu nikawa wa kitini, sukari inapanda, nami nimeshaamua kwamba mazoezi ni ya vijana.

Kilichoniinua ni kuelewa kinachotokea mwilini. Nilidhani mazoezi husaidia kwa kupunguza kitambi tu. Kumbe msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu bila kuisubiri insulini, homoni inayoifungulia sukari iingie mwilini kutoka kwenye damu. Kwa sisi wa aina ya pili, mlango wa mbele, ule unaofunguliwa na insulini, umekwama. Wa uani bado unafunguka, ila unafunguliwa kwa miguu. Na ukishamaliza, misuli huendelea kuitikia insulini vizuri zaidi kwa siku moja au mbili hivi, kisha nguvu hiyo hufifia. Kwa hiyo nina sharti moja tu: zisipite siku mbili mfululizo bila zoezi. Kuruka Jumatatu si neno. Kuruka mpaka Jumatano, kwangu mimi, ni sawa na kusahau vidonge.

Dozi yenyewe ipo. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Wastani maana yake unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. (Mimi siwezi kuimba hata nikiwa nimeketi, kwa hiyo naangalia mazungumzo tu.) Nimeigawa vipande vidogo: dakika 15 za kutembea haraka kila baada ya chakula cha mchana na cha jioni, maana hapo ndipo sukari hupanda. Jaribu mwenyewe ukiwa na kipimo cha nyumbani: chakula kilekile, siku moja ukae, siku ya pili utembee, upime baada ya saa mbili. Tofauti niliyoiona ndiyo iliyonifanya nisihitaji kusukumwa na mtu.

Kwa misuli, nasimama na kuketi kwenye kiti bila kushika kitu, na nasukuma ukuta. Mwenye presha asibane pumzi anapofanya hivyo, kwa sababu huipandisha ghafla.

Ndugu zangu ambao sukari yao imeanza kupanda ila bado hawajaitwa wagonjwa, huwa nawatajia utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002. Waliopunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Waliopewa metformini, dawa ya kisukari ya vidonge, ilishuka kwa asilimia 31.

Ila usianze kichwakichwa kama mimi. Anayetumia insulini, au vidonge vinavyolisukuma kongosho kuitoa, sukari inaweza kumshuka njiani, kwa hiyo atembee na kitu kitamu mfukoni. Mwenye ganzi akague nyayo kila akirudi, kwani kidonda huanza bila maumivu. Kifua kikibana, simama na utafute msaada. Wala usijipunguzie dawa kwa sababu umejisikia vizuri.

Mimi nilipunguziwa na daktari, baada ya vipimo viwili kutoka vizuri. Alipokuwa anafuta kidonge cha jioni nikamwomba aandike mahali pake: kutembea, dakika 15, baada ya kula. Alicheka, lakini aliandika.